Kokwa Kumi na Nne

Mwaka ule wa 2004 Noof binti Aws alikuwa na miaka ishirini na tatu, shahada yake ya kilimo wino haujakauka, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba jambo jema likipimwa vizuri halina budi kuonekana. Basi akapewa kazi iliyolingana na imani hiyo: kupima.

Mradi mmoja wa kusaidia wakulima wadogo ulikuwa umefungua shamba darasa huko Bawshar, kwenye kipande cha ardhi ya wakfu katikati ya mitende ya zamani, pahala ambapo majumba mapya yalikuwa yameshaanza kuchungulia juu ya kuta za udongo. Wanawake kumi na wanne wenye vishamba vidogo vidogo vya jirani walikutana hapo kila Jumatano asubuhi, na mwaka wa pili ulikuwa unakaribia kwisha. Ofisi ilitaka kujua kama wamepata uwezo, tena si uwezo wa kutia maji na mbolea tu, bali ule wa mtu kusema neno lake likafuatwa.

Noof alitoka kwao Al Amerat alfajiri, akapita Wadi Adai, akakatiza Wattaya penye magari mapya yanayong'aa nyuma ya vioo, akafika Bawshar jua halijachachamaa. Safari hiyo hakuichoka hata siku moja. Wale akina mama, wengi wao watu waliorudi kutoka Unguja miaka ya sabini wakiwa wasichana, walimkumbusha nyumba ya bibi yake: walicheka kwa Kiswahili, wakaswali kwa Kiarabu, na waligombana kwa lugha zote mbili.

Mwalimu wao alikuwa Rufus, Mkenya wa Busia, mtu mrefu mwenye kofia ya majani, ambaye kwao alikuwa ameendesha mashamba darasa mengi kabla ya kuletwa Maskati. Sheria yake ilikuwa moja: macho kwanza, mdomo baadaye. Hakuna aliyeruhusiwa kusema mti una nini mpaka wote wawe wameukagua majani, shina na mizizi. Kisha walijigawa makundi, wakachora walichokiona kwenye karatasi kubwa, na mmoja akasimama kueleza huku wenzake wakimshambulia kwa maswali. Siku moja Bi Bakhita, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwadhini, alichora mdudu mkubwa kiasi kwamba Bi Nasriya aliuliza kama huyo mdudu anakamwa.

"Mwalimu naye," Bi Bakhita alisema kuwageuza wenzake wamcheke mtu mwingine, "Kiswahili chake kimetoka Busia kwa miguu, kimefika hapa hoi."

"Na chenu kilikuja na ndege, mama," Rufus alijibu. "Ndio sababu hakijui udongo."

Waliyojifunza hayakuwa mchezo. Ndimu za pande zile zilikuwa zikifa kwa ugonjwa ambao huufanya mti uchipue vijitawi vingi vyembamba vilivyosongamana kama ufagio wa chelewa, majani yakapauka, matunda yakakoma, na mti ukafa umesimama. Dawa yake hakuna. Mti ukishapata ni kuukata na kuuchoma, upesi, kabla haujawaambukiza wenzake. Na mti wa ndimu katika nyumba za Oman si kitu cha kukatwa hivi hivi. Huenda aliupanda babu. Lakini wanawake hawa walikuwa wamekata miti kumi na miwili, katika vishamba vyao wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakichoma kila tawi na kupanda miche mipya safi. Noof alipoyaangalia yale majani mabichi yaliyong'aa aliona fahari kama kwamba alikuwa ameyazaa yeye.

Ndipo akatoka na dodoso lake.

Lilikuwa la maswali thelathini, limetoka nchi za mbali, na Noof mwenyewe alilifasiri usiku na mchana. Aliambiwa aende nyumba kwa nyumba, amkalishe kila mama peke yake, amwulize, aandike jina na jibu. Alianzia kwa Bi Kheiria, mke wa Ami Hamoud, wakili wa falaj, yaani msimamizi wa ule mfereji wa kale uletao maji ya mlimani na kuyagawa mashambani kwa zamu. Bi Kheiria alikuwa mwembamba, mpole, mwenye vidole vilivyokunyata kwa maji wakati wote, maana alijulikana mtaa mzima kwa kupenda kufua. Alimletea mgeni wake tende na kahawa, akakaa kitako, akaweka mikono magotini kama mtu anayepigwa picha ya paspoti.

Noof aliuliza ni nani huamua mti gani ukatwe. Bi Kheiria akajibu kuwa ni mwenye nyumba. Nani huamua nini kipandwe? Mwenye nyumba. Na maji, nani huamua yafunguliwe lini? Hapo Bi Kheiria alichelewa kidogo, akatazama pazia la mlango ambako Ami Hamoud alikuwa akikohoa, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya pazia: "Mwenye nyumba. Nani mwengine?"

Ikawa hivyo nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka ya kumi na nne. Hata Bi Bakhita, ambaye Noof alimwona kwa macho yake akimpokonya mumewe shoka na kuukata mti huku mume akilalamika, alijibu kwa upole wa bi harusi kwamba mambo ya shamba anayajua baba watoto.

Jumamosi, siku ya kwanza ya kazi, Ustadh Mahfoudh mkuu wa mradi alimwita ofisini. Hakuwa mtu mkali. Alimwonyesha karatasi tu. Shamba darasa la Bawshar lilikuwa limepata mbili na nusu kwa kumi. Kijiji kimoja cha kulinganishia, ambacho hakijapata kuona mwalimu hata wa siku moja, kilipata nne.

Ustadh alieleza taratibu kwamba yeye hana la kufanya. Wenye kusimamia wakfu walikuwa wanaulizwa na watu wa kujenga majumba kuhusu kile kiwanja, na wamekubali kukiacha mikononi mwa mradi madhali kina faida inayoonekana. Kwa namba zile, darasa lingefungwa mwisho wa mwezi na miche ya ndimu ingeng'olewa. Yeye angefika kukagua Jumatano ya wiki ya pili yake. Noof akiwa na ushahidi mwingine, basi awe nao siku hiyo.

Njiani kurudi Noof alisimamisha gari Wattaya, kando ya duka la magari, akalia. Alililia darasa, na alijililia mwenyewe pia, maana dodoso lilikuwa lake. Alijua kwa yakini kwamba wanawake wale wana uwezo, na karatasi yake ilisema hawana.

Rufus alimkuta kesho yake mgahawa wa chai karibu na ofisi, akamsikiliza mpaka mwisho. Noof alikiri kwamba wazo baya lilimjia: kuchukua kalamu na kugeuza zile mbili ziwe saba. Nani angejua? Rufus aliikoroga chai yake muda mrefu.

"Madam, mimi nimeshaona namba za kupikwa," alisema. "Huko kwetu tulipika moja ikaiva vizuri sana. Mwaka uliofuata wakaja kutafuta hao wakulima wenye uwezo, wakapata magugu. Namba ya kupikwa hailiwi."

Zaidi ya hapo hakuwa na shauri, ila kumwambia akawaeleze wenyewe. Darasa ni lao.

Jumatano Noof alisimama mbele yao chini ya ukuta, akawaeleza yote: mbili na nusu, kile kijiji cha nne, wenye majumba, miche. Alisema kosa ni lake. Kisha Bi Nasriya akacheka, akafuatia mwengine, wakacheka mpaka wengine wakajifuta macho kwa ncha za kanga. Noof hakujua afanye nini na mikono yake.

Bi Bakhita alimvuta akae mkekani.

"Mwanangu, umekuja nyumbani kwangu, mume wangu kakaa chumba cha pili, umetoa karatasi ya serikali unaandika jina langu. Kisha unataka niseme mimi ndo bwana?" Alitikisa kichwa. "Nkisema hivyo nimemvua nguo sokoni. Mambo ya ndani nnayo, lakini siyatandazi barazani."

Noof alitaka kuzama ardhini. Yeye mwenyewe amelelewa katika nyumba za namna hiyo. Alimsikia mama yake maisha yake yote akisema "ngoja nimuulize baba yenu" juu ya mambo aliyoyaamua jana, na hakupata kuona kwamba hiyo ni adabu, na adabu haina kisanduku katika dodoso. Isitoshe, kila kitu walichojifunza wanawake hawa walikijua pamoja, wakiangalia pamoja na kuamua pamoja. Akaenda kuwapima mmoja mmoja kama wagonjwa.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Kila mtu alishatikisa kifinjani chake kuonyesha kwamba ametosheka, na kwenye sinia zilibaki kokwa za tende. Bi Bakhita alizitazama. Alichukua vifinjani viwili, akaviweka ubavu kwa ubavu juu ya mkeka, akavifunika kwa kanga yake.

Alisema hivi: wewe uliza. Kila mmoja achukue kokwa, aingize mkono chini ya kanga. Ambaye neno lake lilifuatwa nyumbani, atie kifinjani cha kulia. Ambaye halikufuatwa, cha kushoto. Mkono wa mtu hauonekani, wala mume hatajwi, na heshima ya kila nyumba inabaki mahala pake.

Rufus akavua kofia, akaondoka kwenda kukagua miche mbali kidogo, ili wawe huru.

Noof aliuliza kwanza juu ya mwaka ule kabla ya darasa: je, neno lako lilikuwamo katika kuamua mti ukatwe au usikatwe? Mikono ikaingia na kutoka. Akafunua. Kulia mlikuwa na kokwa mbili. Akauliza swali hilo hilo juu ya mwaka huu. Kokwa kumi na tatu. Wanawake wakanyanyua shingo kuhesabu wenyewe, mmoja akahesabu mara ya pili kwa sauti. Nini kipandwe: zamani tatu, sasa kumi na moja. Kumfundisha jirani asiyekuwa wa darasa: zamani hapana hata moja, sasa zote kumi na nne. Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa tu wakinyooka migongo kidogo kidogo, kama mti uliotiwa maji.

Kisha Noof akauliza juu ya maji: nani ana neno katika zamu ya falaj?

Alipofunua kanga, kulia kulikuwa na kokwa moja.

Walitazama ile kokwa pweke. Halafu, jambo ambalo Noof hakulielewa wakati ule, wote wakaangalia pembeni kwa pamoja, wengine mitende, wengine viatu vyao. Bi Kheiria alikuwa akikunja ncha ya kanga yake. Bi Nasriya akasema kwamba ndimu hazinywi majani, na kama wamejua mengine yote na maji hawayajui, basi darasa halijaisha. Wakakubaliana: wanataka kufundishwa namna ya kupima maji. Hawakusema na nani.

Noof alipokuwa anaondoka Bi Kheiria alimsindikiza mpaka garini. Alizungumza chini chini, akitazama njia.

Maji ya falaj yao yalipimwa kwa kivuli. Palikuwa na nguzo imesimikwa uwanjani karibu na lango la maji, na mawe yamepangwa chini yake. Kivuli kikitoka jiwe moja kufika la pili, fungu la mtu limekwisha, linafunguliwa la mwengine. Saa za mkononi wenye maji waliwahi kuzijaribu wakagombana, kila mtu na saa yake, wakarudi kwenye nguzo, kwa sababu jua ni moja. Ami Hamoud ndiye alikuwa msomaji wa kivuli kwa miaka ishirini. Lakini tangu miaka miwili macho yake yameingia ukungu. Nguzo anaiona, kivuli hakioni.

"Basi mimi naenda kufua pale langoni," Bi Kheiria alisema. "Kivuli kikigusa jiwe, nnapiga nguo mara mbili juu ya mwamba. Yeye anasikia, anafungua."

Noof alivikumbuka vile vidole vilivyokunyata. Mashuka ya nyumba ile yalikuwa yamepauka kwa kufuliwa yakiwa safi. Majirani walijua, bila shaka, jirani hakosi kujua, wakaamua kutojua.

Alimwahidi Bi Kheiria kwamba siri hiyo haitoki kwake, na kwamba kwenye karatasi ataandika moja, bila jina. Bi Kheiria alifikiri. Akasema wenzake wameomba kufundishwa kivuli, na mwenye kukijua ni yeye. Siri ni ya watu wawili, kwa hiyo atakwenda kumuuliza mwenzake. "Safari hii nitamuuliza kweli," alisema, na ndipo Noof alipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Habari iliyomfikia Noof ni kwamba Ami Hamoud alikuwa anakula bila kusema, anaswali, analala. Ijumaa alikawia sana msikitini.

Jumatano ya ukaguzi Ustadh Mahfoudh alifika amevaa kanzu nyeupe pe na kilemba kilichofungwa vizuri. Wanawake walimzungusha shambani mti kwa mti. Bi Nasriya alimweka mbele ya mche mmoja na kumwuliza yeye anaona nini, na alipotaka kujibu haraka akaambiwa aangalie kwanza chini ya jani. Akainama na kanzu yake. Rufus aligeuka upande kuficha kicheko.

Walipokaa mkekani Noof alimpa karatasi ya kokwa, akamweleza ilivyopatikana. Ustadh aliisoma taratibu, akarudia, akaonekana kupendezwa. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa maji. Alisema kwa wema kwamba hiyo moja inaharibu sura; ingefaa iondolewe.

Kuiondoa kungeliokoa darasa, pengine.

"Tukiiondoa, ustadh," alisema, "tutakuwa tumepima tunachokipenda tu. Hiyo moja wameiona wenyewe, na wenyewe ndio walioomba kujifunza maji. Naona huo ndio uwezo wao mkubwa kuliko yote."

Wakati huo mlango wa mbao wa bustani ulisukumwa, akaingia Ami Hamoud na fimbo yake, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Wanawake walijitanda vizuri. Alisalimia, akakataa kukaa, akauliza Ustadh amekaa upande gani. Alipojua, akageuka huko.

"Nimesikia mnapima," alisema. "Basi na mimi nipimwe. Macho yangu yamekwisha mwaka wa pili sasa. Kivuli cha falaj hii anakisoma Kheiria binti Saleh. Mimi nafungua lango tu."



Aliendelea kueleza kwamba Ijumaa baada ya sala aliwaambia wenye maji wote, akawauliza kila mmoja kwa jina lake: katika miaka miwili hii, nani alipunjwa? Nani maji yake yalikatwa kabla ya wakati? Walitafuta katika kumbukumbu zao mmoja baada ya mwingine, hawakupata. Mmoja alisema hata ugomvi umepungua. Ndipo wakasema Kheiria aendelee, ila asifue tena, maana kelele zinawaudhi wenye kulala mchana.

Bi Bakhita alicheka wa kwanza, na Ami Hamoud mwenyewe akafuatia. Kisha akasema kwamba wanawake wa darasa waje nguzoni kila Jumatano, wafundishwe, kwa sababu macho ya mtu mmoja si mali ya kutegemewa. Hilo alilijua sasa kuliko mtu yeyote.

Ustadh Mahfoudh alichukua ile karatasi, akaifungua upya juu ya goti, akaandika chini yake mistari mitatu. Alimwambia Noof ampe dodoso jipya la namna hii kwa vijiji vyote, na wenye kusimamia wakfu atakwenda kuwaona yeye mwenyewe: kiwanja kisiguswe mwaka mwingine. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida ya ofisini, lakini kilemba chake kilikuwa kimelegea na hakukumbuka kukirekebisha.

Bi Nasriya alitaka lile swali la maji liulizwe tena, mbele ya mgeni. Kanga ikatandazwa, vifinjani vikafunikwa. Mikono ikaingia na kutoka, kumi na mitatu, na sauti ndogo za kokwa zikasikika zikigonga udongo wa vifinjani, zote upande wa kushoto, kwa ukweli, maana walikuwa hawajajifunza bado.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya Bi Kheiria. Alishika kokwa yake, akapiga magoti. Hakuingiza mkono. Aliiweka juu ya kanga, upande wa kulia, kweupe, kwenye jua, na kila mtu akaiona.

Ila mmoja.

"Kaiweka wapi?" Ami Hamoud aliuliza.

"Juu, ami," Noof alimjibu. "Juu ya kanga."

Mzee alinyoosha mgongo, akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili kama mtu anayesikiliza jina la nyumba yake likisomwa.

"Basi andika," alisema. "Na jina lake uliandike zima."